Kimvita Mbele ya Mauti: Kuisoma Upya Sauti ya Dhiki

Mwanafunzi wa Kampala aliyefunzwa Kiswahili sanifu hukwama anapoifungua Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla. Maneno yasiyo ya kawaida huyaita "uhuru wa kishairi", akaendelea. Makala haya yanapinga jibu hilo. Kimvita katika diwani hii hakikuletwa kutosheleza vina na mizani. Ndicho kinachobeba ukaidi wa mshairi mbele ya mauti.

Abdilatif, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?" Alitengwa na wafungwa wengine, akaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kumnyima mtu wa kusema naye ni kumuua angali hai. Yeye alijibu kwa lugha ya nyumbani kwao.

Tuchukue anwani "N'shishiyelo ni lilo". Kwa Kiswahili sanifu tungesema: nililolishikilia ni lilo hilo. Kimvita hukusanya mtenda, tendo na kirejeshi katika neno moja. Tena umbo "shishiye" ni la hali timilifu: nilishika, na hadi sasa nimeshika. Msimamo wa mfungwa umo ndani ya kitenzi chenyewe. Ukikisanifisha, maana hubaki lakini mshiko hulegea.

Katika "Usiniuwe!" msemaji ni mtoto aliye tumboni, anayemsihi mamaye asiitoe mimba. Ambaye hajazaliwa hajui shule wala kamusi. Ana lugha ya mama tu. Kwa hiyo lahaja inafaa kinywani mwake kuliko usanifu wowote. Nalo shairi "Mamba" linakigeuza kifo upande wa pili: mwenye nguvu anayejigamba mtoni anakumbushwa kwamba naye ana siku yake.

Huenda mtu akasema kwamba Abdilatif alifuata tu mapokeo ya Muyaka bin Haji, kwa kuwa Kimvita ndiyo lugha ya ushairi wa Mombasa. Ni kweli, na ukweli huo unaipa hoja nguvu. Kwa kutunga hivyo, mfungwa aliyetengwa aliketi na watunzi waliokufa zamani, nao wakawa wenziwe.

Kwa kuhitimisha, sisi tuliokipata Kiswahili darasani tumezoea kuipigia lahaja mstari mwekundu. Tukiisoma diwani hii kwa kalamu hiyo, tutainyamazisha sauti ambayo gereza lilishindwa kuinyamazisha. Tuisome kwa sauti, na tuulize maneno kwa wenyewe.