"Fumbo la Afrika": tumbo letu ao daftari yetu?

Bandugu, kuna sentensi moja imenichosha. Wadogo wetu wa udaktari na wa afya ya umma wananiletea memwari zao niwarekebishie Kifaransa, na kila ile inayogusa magonjwa ya tumbo iko na sentensi hiyo ukurasa wa pili ao wa tatu: Afrika iko na Helicobacter pylori kupita pahali pengi duniani, lakini kansere ya tumbo ni kidogo, na jambo hilo linaitwa "fumbo la Afrika". Nukta. Kisha mwandishi anaruka kwenda kwa mbinu za utafiti kama vile hakusema kitu.

Hakuna anayeuliza lile fumbo lilitoka wapi. Leo nataka tulisome, maana andiko lenyewe ni fupi, na kwa maoni yangu limetutendea vibaya kuliko mwenyewe alivyokusudia.

Tuwafikirie kwanza wale ambao hawakupitia udaktari. Helicobacter pylori ni bakteria inayoishi ndani ya tumbo, pahali ambapo waganga walisema kwa miaka mingi hakuna kitu kinaweza kuishi juu ya asidi. Barry Marshall na Robin Warren, wa mji wa Perth kule Australia, ndio walionyesha kinyume katika miaka ya 1980. Mwaka 1984 Marshall akaikunywa mwenyewe, na tumbo lake likashika gastriti. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa zawadi ya Nobel. Katikati pale, mwaka 1994, idara ya OMS inayochunguza kansere iliiweka bakteria hii katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansere kwa binadamu. Njia yake ni ndefu: inaingia utotoni, utando wa tumbo unavimba, miaka inapita, utando unachakaa, chembe zinaanza kugeuka, na kwa watu wachache mwisho wake unakuwa kansere. Njia hiyo inachukua miaka makumi. Shika hilo la miaka makumi, tutalirudilia.

Sasa andiko lenyewe. Lilitoka mwaka 1992 katika jarida la Uingereza linaloitwa Gut, kurasa tatu tu, mwandishi C. Holcombe. Huyu hakuwa mtu wa kuandikia Afrika toka Ulaya bila kukanyaga: alifanya kazi Maiduguri, kaskazini-mashariki ya Nigeria, na yeye na wenzake walipima damu ya watu wa kule na kukuta maambukizo yamejaa tangu utotoni. Kazi hiyo ya damu naiheshimu. Hoja yake ilikuwa hivi: kama bakteria ndiyo inaleta vidonda na kansere, na kama Waafrika karibu wote wako nayo, basi mbona vidonda na kansere havionekani kwa wingi huohuo? Akaita jambo hilo fumbo. Jina likashika kama gundi.

Angalia vizuri namna mzani huo ulivyopangwa. Upande wa kwanza ni maambukizo. Hayo unayapima kwa sindano na kichupa: unakwenda kijijini, unatoa damu, unarudi labo. Upande wa pili ni ugonjwa. Huo unataka fibroskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa kooni, unataka kipande cha nyama kikatwe, unataka labo yenye mtu anayejua kukisoma kwa darubini, na mwisho unataka mtu aandike jibu pahali litahesabiwa. Upande mmoja ulipimwa kwa kuwaendea watu, upande mwingine kwa kungojea watu waje. Halafu tunashangaa kwamba pande mbili hazilingani!

Chukua mama mmoja wa Shabunda, tumbo linamuuma tangu mwaka jana, anakonda. Ili aonekane katika hesabu ya kansere ya tumbo, inabidi kwanza apate feza ya safari. Afike mjini. Hospitali ile aliyofikia iwe na fibroskopi, na mashine siku hiyo isiwe imekufa. Alipe. Kipande kisafiri, kifike, kisomwe. Jibu lirudi angali hai. Mtu aliandike kwenye rejista, na rejista ile ifike kwa wale wanaohesabu. Kila hatua inadondosha watu. Wengi wanadondoka kwenye ile ya kwanza kabisa, wanazikwa kijijini na watu wanasema alirogwa, ao "alikuwa na gastriti ya zamani". Kansere ilikuwa tumboni. Katika daftari ni sifuri.

Na hata zile tarakimu za dunia tunazonakili kwenye memwari, za GLOBOCAN, zina adabu yao ambayo hatuisomi: nchi isiyokuwa na rejista ya wakaaji wake inakadiriwa kwa kuazima hesabu za majirani. Kongo haina rejista ya kansere inayofunika taifa lote. Sasa mtu anaandika "kansere ya tumbo ni kidogo kwetu" na anaweka tarakimu yenye koma mbele, kama vile kuna mtu alipita nyumba kwa nyumba.

Kosa la pili ni umri. Niliwaambia mshike miaka makumi. Kansere hii inapenda watu wazima sana, wenye miaka 60 na zaidi. Ukichukua nchi ambayo nusu ya watu ni watoto na vijana, ukahesabu visa bila kulinganisha umri na umri, utapata kidogo tu, hata kama tumbo la mzee wa huku na la mzee wa Japani ni sawasawa. Hilo si fumbo. Ni hesabu ya promosio ya kwanza ya takwimu.

Kosa la tatu ndilo linanikasirisha zaidi, juu linatugusa sisi wa mashariki. "Afrika" ya lile andiko ni moja, kama vile Maiduguri na Walungu ni kata mbili za mji mmoja. Lakini waganga wa zamani walishajua kwamba milima ya upande wetu, Rwanda, Burundi, Kivu, mpaka Kilimanjaro, inatoa kansere ya tumbo kupita nchi za chini. Na mwaka 1991, mwaka mmoja mbele ya Holcombe, Youri Glupczynski na wenzake walichapisha utafiti wa fibroskopi uliofanywa Kivu, tena vijijini. Yaani kuna watu walikwishashusha kamera katika matumbo ya watu wetu wakati sisi wengine hatujazaliwa. Mbona memwari zetu zinataja fumbo na hazitaji Kivu? Nadhani jibu ni rahisi: fumbo liko na jina zuri, na kila mtu analinakili kwa mwenzake.

Kisha mwaka 2001, katika British Journal of Cancer, McFarlane na wenzake wakatoa hesabu za Chogoria, kando ya mlima Kenya, hospitali ya vijijini iliyokuwa na mashine ya kutazama tumbo. Walikuta kansere kuliko ilivyokuwa inasemwa. Napenda sana kichwa cha andiko lao, kwa sababu waliita hesabu yao makadirio ya chini kabisa. Hilo neno "ya chini kabisa" ni uaminifu. Linamwambia msomaji: hawa ndio tuliowaona, wengine wako huko milimani.

Mwaka 2005 Agha na David Graham walikusanya ripoti za fibroskopi za nchi nyingi za Afrika na wakafunga kesi: hakuna fumbo, kuna watu wasiofikia hospitali. Wengi wanaolipinga fumbo wanasimama pale na kupiga makofi. Mi siwezi kupiga makofi yote. Mtu aliyefika kwa fibroskopi ni mtu aliyechaguliwa na maumivu yake na mfuko wake. Ripoti ya fibroskopi inakuambia kati ya watu 100 waliotazamwa, wangapi walikuwa na kidonda. Haikuambii kati ya wakaaji 100,000 wa teritware, wangapi wanaumwa. Kwa hiyo ripoti hizo zinaweza kuvunja ushahidi wa Holcombe, na zimeuvunja, lakini haziwezi kuthibitisha kwamba hatari yetu ni sawa na ya wengine. Kusema "hamkuhesabu" ni tofauti na kusema "tumehesabu, ni sawa".

Tena kuna tofauti za kweli, tusizitupe pamoja na maji machafu. Mwaka 2000 Fox na wenzake walionyesha kwamba panya walioambukizwa pia minyoo ya matumbo hawakuchakaa utando wa tumbo kama wenzao. Kinga ya mwili ilikuwa imegeuzwa upande mwingine. Ni panya, sawa, lakini wazo ni zuri kwa nchi ambayo mtoto anakunywa dawa ya minyoo kila kampeni. Na mwaka 2014 Kodaman na wenzake walilinganisha miji miwili ya Colombia, Tumaco ya pwani na Túquerres ya mlimani. Bakteria imejaa kote kuwili. Kansere ya tumbo mlimani ni karibu mara 25 kuliko pwani! Walichokuta ni kwamba vidonda vinavyoelekea kansere vilikuwa vibaya zaidi pale asili ya bakteria na asili ya mtu zilipokuwa hazipatani, kwa mfano bakteria yenye asili ya Kiafrika ndani ya mtu wa ukoo wa wenyeji wa Amerika. Hapo mimi nakubali kuita fumbo. Kwa nini? Kwa sababu miji yote miwili ilipimwa kwa mkono mmoja.

Labda mtu ataniuliza, kaka, sentensi moja ya utangulizi inamuua nani? Inaua polepole. Daktari kijana aliyefundishwa kwamba kansere ya tumbo si ya kwetu, akipata baba wa miaka 52 anayekonda, anayetapika chakula cha jana, choo ni cheusi, anaandika gastriti na kumpa omeprazoli. Maumivu yanapoa kidogo. Baada ya miezi sita baba anarudi na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Pale mpasuaji hana tena la kukata. Na juu, kule wanakogawa bajeti, hakuna anayenunua fibroskopi kwa ugonjwa ambao vitabu vinasema haupo. Mashine hazinunuliwi, kansere hazionekani, na zisipoonekana fumbo linazidi kupata nguvu.

Wakati huohuo, Wachina wa Linqu, katika jimbo la Shandong, ambao ni watu wa vijijini na si matajiri, walipewa mwaka 1995 dawa ya wiki mbili tu: amoksisilini na omeprazoli. Wakafuatwa miaka 22. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika BMJ: kansere ya tumbo ilipungua karibu nusu kwa wale waliotibiwa. Watafiti wale hawakukaa wanastaajabia tumbo la Wachina. Waliandika majina ya watu na wakarudi kuwatafuta.

Lakini naona tayari mwingine anataka kukimbia farmasi. Taratibu. Kile kipimo cha damu cha dakika kumi kinatafuta alama za kinga, na alama hizo zinabaki muda mrefu hata bakteria ikishatoka. Kwa Afrika, uchunguzi mkubwa wa mwaka 2017 ulikadiria watu 70 kwa 100 wako na maambukizo. Ukipima barabarani, utawapa antibiotiki karibu wote, na nusu yao hawatamaliza dozi. Kipimo cha choo ao cha pumzi kinaonyesha zaidi kama bakteria iko sasa. Na usugu wa dawa si hadithi ya nchi nyingine: mwenzetu Évariste Tshibangu-Kabamba, pamoja na Yoshio Yamaoka, wamechunguza bakteria zilizotolewa kwa wagonjwa wa hapa Kongo na kukuta usugu kwa dawa zaidi ya moja. Mwaka 2021 wawili hao waliandika juu ya usugu wa bakteria hii katika Nature Reviews, jarida ambalo maprofesa wetu wengi wanaota kuingia. Huyo ndiye wa kutaja ukurasa wa pili.

Basi mdogo wangu wa mwaka wa mwisho, kama unataka kubakiza lile neno fumbo, libakize, lakini andika pia ni nani alihesabiwa, kwa kifaa gani, na wenye umri gani. Ao bora zaidi, acha utangulizi kwanza, nenda uombe ruhusa ya kufungua daftari ya fibroskopi ya hospitali yenu, ile ya karatasi, yenye jalada limechanika. Mara nyingi utakuta umri umeandikwa "mkubwa". Utakuta jibu la labo halikubandikwa kamwe. Utakuta safu ya anwani imejazwa jina la mji, hata kama mgonjwa alishuka kutoka Kaziba ao Bunyakiri, na hapo hutaweza kujua mlima na bonde vinatofautiana namna gani. Kuanzia Jumatatu, kaa karibu na mwenye kuandika, na kila mgonjwa akiingia, umuulize kijiji.