Kihisi, Kipimo na Kidhibiti: Uhakiki wa Istilahi za Chombo cha Moshi wa Injini

Istilahi mbaya katika barua ya ofisi humchelewesha msomaji. Istilahi mbaya katika maelezo ya ufundi huweza kuunguza injini. Makala haya yanachambua maneno manne yanayomjia haraka mfasiri anapokabidhiwa maelezo ya kuunda na kujaribu kidhibiti cha kihisi-oksijeni. Kihisi chenyewe hufungwa kwenye ekzosi, na fundi hukitumia anaporekebisha kiasi cha petroli na hewa kinachoingia katika injini.

Yafaa kwanza tuujue utendaji wake, kwa maana jina lisilotokana na utendaji ni kelele tu. Petroli kilo 1 huhitaji hewa ya kilo 14.7 hivi ili iungue yote. Kihisi cha kwanza, ambacho kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kukitoa mwaka 1976, hueleza tu moshi uko upande gani wa uwiano huo: hutoa volti 0.9 hivi mafuta yanapozidi, na volti 0.1 hivi hewa inapozidi. Hakisemi vimezidi kwa kiasi gani. Kihisi cha baadaye kina seli mbili za kauri ya zirkonia na chumba chembamba kati yao. Kidhibiti hupitisha umeme katika seli moja ili kusukuma oksijeni kuiingiza au kuitoa chumbani, mpaka seli ya pili ionyeshe volti 0.45. Kiasi cha mkondo uliohitajika, pamoja na mwelekeo wake, ndicho kipimo chenyewe.

(a) Bendi pana. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno. Kwetu bendi ni kundi la wanamuziki, na kwa mhandisi wa redio ni fungu la mawimbi. Chombo hiki hakihusiani na lolote kati ya hayo. Upana unaokusudiwa ni wa uwiano unaoweza kupimwa. Napendekeza kihisi cha upeo mpana, na kile cha zamani kiitwe kihisi cha mpaka, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha mpaka umevukwa kuelekea upande gani.

(b) Mchanganyiko tajiri na mchanganyiko maskini. Utajiri katika Kiswahili ni sifa njema, na umaskini ni dhiki. Msomaji anaweza kudhani kwamba mchanganyiko tajiri ndio wa kutafutwa daima, ilhali mafuta yakizidi sana plagi hushika masizi na petroli hupotea. Mafuta yamezidi na hewa imezidi ni maneno wazi, wala hayahitaji kamusi.

(c) Kidhibiti. Neno lenyewe ni zuri, lakini likiachwa peke yake hudanganya. Gari la kisasa lina kompyuta inayodhibiti injini, nayo pia huitwa kidhibiti. Chombo tunachokijadili hakidhibiti injini hata kidogo. Hudhibiti mkondo na joto la kihisi, ambalo kwa aina moja itumikayo sana huwa nyuzi 780 hivi za Selsiasi. Tena joto hilo lazima lipandishwe polepole, kwani unyevu wa ekzosi baridi huweza kuipasua kauri. Basi tuseme kidhibiti-kihisi.

(d) Kipima mchanganyiko. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Jina hili lavutia, lakini si la kweli. Chombo hakiuoni mchanganyiko uingiao. Hupima oksijeni ndani ya moshi utokao. Chukulia plagi moja imekufa. Hewa ya silinda ile hutoka bila kuungua, na kipimo huonyesha kwamba hewa imezidi. Fundi aliyefundishwa kwamba anasoma mchanganyiko ataongeza petroli, na kosa litazidi, ilhali dawa ilikuwa plagi mpya. Fundi aliyefundishwa kwamba anasoma oksijeni iliyobaki atajiuliza kwanza kwa nini imebaki. Jina kihisi-oksijeni linamfundisha mtumiaji kuuliza swali lipasalo.

Kuna pia utata wa kitenzi kupima, ambacho katika lugha yetu hubeba maana ya kutafuta kiasi na ya kukagua uzima wa kitu. Katika maelezo ya kazi hii maana hizo hukutana katika sentensi moja. Kihisi huwekwa kwanza katika hewa safi, yenye oksijeni ya asilimia 20.9 hivi, ili usomaji wake ulinganishwe na kiasi kinachojulikana. Baadaye saketi nzima hukaguliwa katika injini inayonguruma. Hatua ya kwanza iitwe kulinganisha, ya pili kujaribu, na kupima kubakie kwa kazi ya kila siku ya chombo.

Wako watakaosema kwamba fundi hasomi majarida ya istilahi. Ni kweli, lakini mwalimu wake wa chuo cha ufundi huyasoma, na mfasiri wa kitabu chake huyasoma. Hapana budi basi mfasiri amuulize fundi chombo kinafanya nini kabla hajafungua kamusi kutafuta kinaitwaje.