Ufundi wa Kumjua Kwezi

Wengi wakisikia habari za kutazama ndege hufikiria darubini za bei kubwa, magari ya watalii na ndege adimu aliyejificha msituni. Mimi namsifu mtazamaji wa namna nyingine: yule anayerudi mahali palepale, masika na vuli, kiangazi na kipupwe, kumtazama ndege ambaye kila mtu amekwisha kumwona. Ufundi wake umo katika kurudi.

Mwalimu mwema wa ufundi huo ni kwezi. Kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, kwenye nyanda kavu za migunga, yupo: mgongo wa buluu na kijani unaometameta juani, kichwa cheusi, tumbo la rangi ya chungwa na mstari mweupe kifuani. Hamwogopi binadamu, huokota makombo karibu na miguu ya walaji, na kwa kuzoeleka huko hapewi tena heshima yake. Lakini mkazie macho. Aliyekomaa ana jicho jeupe. Aliyetoka kiotani juzi ana jicho jeusi. Jirani yake, kwezi wa Hildebrandt, anafanana naye sana, ila jicho lake ni jekundu na kifuani hana mstari. Ukishazijua alama ndogo kama hizi, kundi lililokuwa ndege tu linakuwa jamaa yenye wazee, vijana na wageni.

Baada ya jicho huja sikio. Huko Amboseli, watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walipokuwa wakichunguza tumbili waliona kwamba kwezi ana kilio kimoja cha adui wa angani na kingine cha adui wa ardhini. Tumbili nao wamejifunza kuvitofautisha. Wakisikia kilio cha kwanza hutazama juu. Wakisikia cha pili hukimbilia mitini. Mtazamaji aliyetulia hujifunza hivyohivyo, akajua mwewe anapita kabla hajakiona kivuli chake.

Hata hivyo, siri kubwa za ndege hufunguliwa na majira. Kwezi huzaa wakati wa mvua za masika na tena wakati wa vuli, kwa kuwa mvua huleta wadudu, na wadudu ndio chakula cha makinda. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, Dustin Rubenstein na wenzake waliwavika kwezi pete za rangi miguuni na kuwafuatilia miaka 20, yaani misimu 40 ya kuzaa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2025 katika jarida la Nature yanastaajabisha. Kwezi hulisha makinda ya wenzake, hata wasio ndugu zake, na baadaye wenzake hao nao humlishia makinda yake. Nipe nikupe hiyo yaweza kuchukua miaka mingi kukamilika. Aliyetazama msimu mmoja angeona ndege akimlisha kinda, basi. Wao waliuona urafiki, kwa sababu walikaa.

Majira hayo hutuletea na wageni. Mbayuwayu wa Ulaya huanza kufika mwezi wa Septemba na huondoka mnamo Aprili. Keremkerem hupita juu kwa makundi, ukawasikia kabla ya kuwaona. Kwezi wa kijivu wasiokaa mahali pamoja hufuata nzige na panzi, na msimu wa kuzaa ukifika madume yao hunyonyoka kichwa, ngozi ya manjano ikabaki wazi. Pwani, katika hori la Mida karibu na Watamu, kaskazi ni wakati wa ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye huzaa kwenye fukwe za Uarabuni kwa kuchimba shimo mchangani. Anayemwona Mida anaiona pia Oman.

Kazi yenyewe haihitaji mengi. Andika tarehe, saa, hali ya mvua, na ndege alikuwa akifanya nini. Andika pia siku ambayo hakuonekana, maana kutoweka nako ni habari. Jijini Nairobi, tangu miaka ya 1970, watu hukutana kila Jumatano asubuhi kutembea pamoja wakitazama ndege, na wengi wamejifunzia hapo, mwenye kujua akimwonyesha asiyejua. Maandishi ya watu wa kawaida kama hao ndiyo yanayotuambia ni ndege gani anapungua na ni bwawa gani linakauka, mapema kuliko tangazo lolote.

Kumjua ndege wa kwenu ni elimu, na elimu hiyo haina ada. Tafuta daftari na kalamu, uanze na ndege aliye mlangoni pako. Andika ulichokiona leo. Mvua zijazo zikinyesha, andika tena.