Ruta ya Mtumba: Kazi Huanza Baada ya Kureseti

Kabla ya kuuliza bei ya ruta iliyotumika, igeuze usome stika iliyo chini yake. Kwenye TL-WR841N ya TP-Link, modeli ambayo ni rahisi kuikuta kwenye meza za vifaa vya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, stika hiyo inabeba jina la modeli, namba ya toleo, jina la mtandao la kiwandani na namba ya siri ya tarakimu nane. Wanunuzi wengi huridhika taa zikiwaka. Lakini namba ya toleo ndiyo inayoamua kama kifaa hicho kinalindika, na ile namba ya tarakimu nane inaonyesha kwa nini kitufe cha kureseti hakitoshi.

Msimamo wangu ni kwamba kureseti ni hatua ya kwanza, ila watu wengi huifanya kuwa ya mwisho. Muuzaji anabonyeza kitufe cha nyuma kwa sekunde kumi hivi, taa zinazimika na kuwaka tena, kisha anakuhakikishia kwamba ruta imekuwa kama mpya. Ni kweli nywila ya mwenye nayo wa zamani imefutika. Ila sasa ruta imerudi kwenye hali inayojulikana na kila mtu: jina la mtumiaji ni admin, nywila ni admin, na nywila ya Wi-Fi ni ile iliyochapishwa kwenye stika, ambayo imeshaonwa na kila aliyewahi kuishika ruta hiyo. Isitoshe, kureseti hufuta mipangilio tu. Programu inayoiendesha ruta yenyewe haiguswi. Kama ni ya zamani na ina mianya, mianya imebaki. Kama kuna mtu aliitoa akaweka ya kwake, hiyo ya kwake imebaki.

Ruta za aina hii zimeshavamiwa. Mei 2018 watafiti wa Cisco Talos walitangaza programu hasidi iitwayo VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vingi vikiwa ruta za nyumbani na za ofisi ndogo. Wiki mbili baadaye waliirefusha orodha ya modeli, na TL-WR841N ikawamo. Sehemu ya kwanza ya VPNFilter ilikuwa na uwezo wa kubaki ndani hata ruta ikizimwa na kuwashwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa programu hasidi za vifaa vya aina hii. Juni 2025, CISA, wakala wa Marekani wa usalama wa mitandao, uliingiza mwanya CVE-2023-33538 kwenye orodha yake ya mianya ambayo wahalifu tayari wanaitumia. Unahusu WR841N toleo la 8 na la 10, pamoja na baadhi ya matoleo ya WR940N na WR740N. Mwanya wenyewe uko kwenye ukurasa wa mipangilio ya Wi-Fi. Pale pa kuandika jina la mtandao, ruta haikagui vizuri inachopewa, kwa hiyo mtu aliyefika hapo anaweza kupenyeza amri ndani ya jina na ruta ikaitekeleza. Ukiacha admin na admin, njia ya kufika hapo umeiacha wazi.

Ndiyo maana naanza na toleo. Jina TL-WR841N limebandikwa kwenye mashine kadhaa tofauti zenye sura zinazofanana. Toleo la 9, kwa mfano, lina megabaiti 4 za hifadhi ya programu na 32 za kumbukumbu ya kazi. Toleo la 13 lina chipu nyingine, hifadhi ya megabaiti 8 na kumbukumbu ya 64. Kwa simu ya leo hizo ni namba za kuchekesha, ila kwa ruta ndizo zinazoamua kama kuna programu mpya itakayoingia. OpenWrt, mfumo huria uliozaliwa mwaka 2004 kutokana na msimbo ambao Linksys ililazimika kuutoa hadharani kwa ajili ya WRT54G yake, uliacha kuhudumia vifaa vya megabaiti 4 na 32 baada ya mfululizo wa 19.07. Toleo la 13 liliendelea kutengenezewa mafaili wakati wenzake wameshaachwa. Kwa kubana, lakini faili linaingia.

Ruta ninayoichambua hapa ni ya toleo hilo la 13, na ilikuwa inakwenda kwenye nyumba ya wapangaji, ambako ukuta mmoja unatenganisha familia mbili na mawimbi ya Wi-Fi hayajali ukuta. Kazi yote ya mwanzo ilifanyika kwa kebo, kompyuta na ruta peke yao, bila kuunganishwa na intaneti. Hili silegezi. Ruta yenye programu ya zamani na nywila ya admin haipaswi kugusa intaneti hata dakika moja. Mwaka 2016 programu hasidi Mirai ilikusanya jeshi lake la kamera na ruta kwa kujaribu jozi zisizozidi sabini za majina na nywila za kiwandani, na jeshi hilo ndilo lililotumika Oktoba mwaka huo kuiangusha Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hadi tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa.

Faili la OpenWrt lilipakuliwa kwenye kompyuta kutoka tovuti ya mradi wenyewe, likakaguliwa kwa alama yake ya SHA256 ili kuhakikisha kuwa halikubadilishwa njiani. Kisha likaingizwa kwa njia ya uokoaji: kompyuta inapewa anwani 192.168.0.225, faili linapewa jina tp_recovery.bin, ruta inawashwa huku kitufe cha kureseti kimebonyezwa, nayo inalichukua faili yenyewe kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha mafaili. Uzuri wa njia hii ni kwamba haipiti kwenye programu ya zamani. Hata kama kuna mtu alishaichezea, kianzishi cha ruta kinaandika mpya juu yake. Na umeme ukikatika katikati, kwa kawaida unarudia tu, mradi kianzishi chenyewe hakijaguswa. Kwa wale wanaonunua ruta za 4G zilizofunguliwa na fundi ili zikubali laini zote, hili ndilo swali la kumuuliza: programu uliyoweka umeitoa wapi? Asipoweza kulijibu, mimi nisingepitisha mawasiliano ya familia kwenye kifaa hicho.

OpenWrt ikishaingia, Wi-Fi inakuwa imezimwa hadi mwenyewe aiwashe. Huo ni uamuzi mzuri wa watengenezaji, maana unakulazimisha kuweka nywila kabla ya kurusha mawimbi. Hapa ndipo ile namba ya tarakimu nane inapohitaji hesabu.

Tarakimu nane zinatoa michanganyiko milioni 100. Kwa binadamu anayeandika kwa vidole ni mingi mno. Ila mwizi wa Wi-Fi hakai mlangoni akikisia. Ananasa mazungumzo mafupi ambayo simu na ruta hufanya zinapotambuana, anaenda nayo kwake, na kompyuta inakisia huko bila ruta kujua lolote. Tangu 2018, Jens Steube, mtengenezaji wa hashcat, programu ya kukisia nywila, alipoonyesha njia ya PMKID, kwenye ruta nyingi hana haja hata ya kusubiri simu iunganishwe. Kadi moja ya michoro aina ya RTX 4090 hujaribu nywila zaidi ya milioni mbili za WPA2, ulinzi wa kawaida wa Wi-Fi, kwa sekunde. Milioni 100 zinamalizika kwa chini ya dakika moja. Namba ya simu, ambayo ndiyo nywila inayopendwa sana mitaani kwetu, haina tofauti kubwa: ukishajua inaanza na 07 au 06, zilizobaki ni tarakimu nane zile zile.

Sasa chukua kamusi, tuseme ina maneno 10,000 unayoweza kuyaandika bila shida. Chagua manne kwa bahati nasibu kabisa, kwa kufungua kurasa ukiwa umefumba macho. Michanganyiko inakuwa 10,000 mara yenyewe mara nne, yaani 1 ikifuatiwa na sifuri 16. Kadi ile ile ingehitaji zaidi ya miaka 100 kuimaliza. Mwenye kadi kumi atahitaji miaka kumi na kidogo, kwa hiyo mimi huongeza neno la tano, na hesabu inakuwa kubwa mara elfu kumi. WPA2 inakubali hadi herufi 63, nafasi ipo. Sharti ni moja: bahati nasibu iwe ya kweli. Methali haifai, aya haifai, jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa havifai, kwa sababu orodha za wakisiaji huanza na vitu hivyo hivyo. Na jina la mtandao nalo libadilishwe, maana jina huchanganywa na nywila katika kutengeneza ufunguo, na kwa majina yaliyozoeleka watu wameshaandaa majedwali ya majibu.

Nywila ndefu namna hiyo haina faida kama WPS imeachwa wazi. Hii ni huduma ya kuunganisha kifaa kwa PIN ya tarakimu nane bila nywila. Desemba 2011 Stefan Viehböck alionyesha kasoro yake. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, zinabaki saba. Na ruta humjibu mkisiaji kwa vipande viwili, kwanza nne za mbele, kisha tatu za nyuma. Kwa hiyo badala ya milioni 10 anahitaji majaribio 10,000 na 1,000, jumla 11,000, kazi ya saa chache. Akiipata PIN, ruta inamkabidhi nywila yako ya maneno matano. Baadhi ya ruta za miaka ile ziliendelea kupokea PIN hata baada ya mwenyewe kuizima kwenye menyu. OpenWrt ya kawaida haiwashi WPS, na hiyo peke yake ingenitosha kuichagua.

Mengine yalikwenda haraka. Usimbaji ni WPA2 kwa AES; TKIP, ya zamani, imeachwa. Nywila ya usimamizi ni tofauti na ya Wi-Fi, kwa sababu ya Wi-Fi utampa mgeni. Ukurasa wa usimamizi haufunguki kutoka upande wa intaneti, na UPnP, inayoruhusu vifaa vya ndani kujifungulia milango, haikuwekwa. Televisheni, kamera na simu za wageni zimepewa mtandao wao, usioziona kompyuta za nyumbani.

Kuficha jina la mtandao sikuhangaika nako. Simu yako hulitaja jina hilo inapoutafuta mtandao, kwa hiyo anayesikiliza analipata. Kuorodhesha anwani za MAC zinazoruhusiwa nako ni kupoteza jioni: anwani hizo zinapita hewani bila kufichwa, yeyote anaweza kuinakili moja, na simu za siku hizi hubadilisha za kwao zenyewe.

Kukagua kulichukua muda zaidi ya kupanga, na ndivyo inavyopaswa. Programu ya simu ya kuchunguza Wi-Fi ilionyesha WPA2 na CCMP, yaani ile AES, na neno WPS halikuwepo. Nmap, programu ya kutafuta milango iliyo wazi, iliyoendeshwa upande wa tundu la intaneti, kompyuta ikiwa imechomekwa hapo badala ya modemu, haikukuta mlango uliofunguka. Mwisho ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake. Kaspersky iliwahi kueleza jinsi wahalifu wa Brazili, mwaka 2011 na 2012, walivyobadilisha DNS kwenye modemu milioni 4.5 na kuwapeleka wenye nazo kwenye kurasa bandia. Kwa hiyo nilithibitisha kwamba anwani za DNS ambazo ruta inazigawa ni zile nilizoziandika mimi. Ukaguzi huu urudiwe kila unapoingiza toleo jipya, na matoleo mapya yaingizwe yanapotoka, kwani programu isiyosasishwa itazeeka kama ile uliyoitoa.

Na ukiuza ruta yako, ireseti kabla haijatoka nyumbani. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya ESET ilinunua ruta 18 za ofisi zilizotumika, na zaidi ya nusu ya zile ilizofanikiwa kuzikagua zilikuwa bado na mipangilio na siri za wenyewe.

Kwa anayesimama mbele ya meza ya muuzaji leo: WR841N Ver 13 inafaa, mradi uko tayari kuibadilishia programu. Toleo la 8 hadi la 12, na la 14 ambalo lilirudishwa kwenye megabaiti 4 na 32, liache. Kwa modeli nyingine yoyote, itafute pamoja na namba yake ya toleo kwenye tovuti ya OpenWrt ukiwa hapo hapo, na usiponunua ila iliyo na faili la toleo linaloendelea kusasishwa, utakuwa umeepuka sehemu kubwa ya matatizo kabla ya kutoa pesa.