Mifuko Minne Iliyorudishwa Mlangoni

Katika matayarisho yote ambayo nyumba moja ya mtaa wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, iliyafanya kuukabili msimu wa baridi uliopita, na ambayo wengi wenu mliyaona kwa macho yenu, kwa kuwa mambo ya parsele moja (kiwanja cha nyumba) hayafichiki kwa parsele ya pili, liko tendo moja lililonishughulisha tangu Mei hadi leo. Nalo ni lile la baba wa nyumba kuwarudisha wauza makala (makaa ya kupikia) wawili na baiskeli zao kutoka mlangoni pake, ilhali fedha za mifuko minne zilikwisha kuhesabiwa na kufungwa katika pindo la kitenge cha mkewe. Naitaja hukumu yake mapema: lilikuwa kosa, na kosa la dhahiri, na yote yaliyofuata mwezi wa Juni yalikuwa matunda yake.

Uwanja wenyewe mnaujua. Lubumbashi imeinuka juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,200, na mvua zikishakoma mwezi wa Aprili mbingu hubaki wazi, joto la mchana likapaa usiku bila wingu la kulizuia, hata ikifika Juni na Julai kipimajoto hushuka alfajiri chini ya nyuzi 10. Kuanzia Novemba hadi Machi njia za msituni huwa tope, matanuru ya udongo huchomwa kwa taabu kwa sababu ya kuni zilizolowa, na makala huadimika na kupanda bei. Mei njia hukauka, baiskeli hurejea kwa wingi kutoka upande wa Kipushi, wa Likasi na wa Kasumbalesa, na kabla baridi haijawafanya watu wote wayatake makala kwa siku moja, hupatikana wiki mbili au tatu ambazo mnunuzi huweza kusemezana na muuzaji kwa utulivu. Wiki hizo ndizo mlango wa msimu mzima, na aliyechelewa kuupita hulipa ushuru wa kuchelewa mpaka Agosti.

Basi ilikuwa Jumamosi asubuhi, katikati ya Mei. Wauzaji waliegemeza baiskeli zao ukutani, mifuko imeshonwa vizuri kwa majani mdomoni, makala yenyewe mazito, ya mti mgumu, yanayolia kama chuma yakigongana. Mama wa nyumba alikwisha kuyapima kwa mkono, akasema kwa upole, “Baba watoto, mifuko hii minne itatufikisha Agosti.” Mumewe akamjibu, “Mama, siku za mbabula ya makala zimepita. Kabini mpya ya umeme imefungwa mwisho wa barabara; kwa fedha hizi nanunua resho ya umeme.” Nami, niliyekuwa nimesimama penye ua, nilithubutu kumwambia kwamba anunue walau mifuko miwili, akaniinamia kwa adabu, akasema, “Ahsante, Mzee, lakini umeme safari hii upo.” Wauzaji wakageuza baiskeli zao, na nyumba ya tatu kutoka hapo ikainunua mifuko yote.

Sina nia ya kumtweza kijana yule, kwani ni mchapa kazi na mpenzi wa wanawe. Lakini uamuzi wake ulisimama juu ya nguzo tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa na msingi.

Nguzo ya kwanza ilikuwa imani kwamba kabini mpya huleta umeme. Kabini haizai umeme. Kazi yake ni kuushusha umeme mkali wa laini kubwa mpaka ufae kuingia nyumbani, nayo huweza kuugawanya vizuri zaidi ule uliopo, bali haiwezi kuugawanya usiokuwapo. Delestaji, yaani mgao wa umeme, haitokani na kabini kuukuu pekee. Hutokana na upungufu ulioko mbali, kwenye mabwawa na laini, ambako mahitaji ya migodi na ya mji yamepita yanayozalishwa. Mtu aliyebadilisha bomba la uani hajaongeza maji mtoni.

Nguzo ya pili ni ile ninayoirudia kila mwaka na kila mwaka hupuuzwa: kwamba umeme ukiwapo, basi resho itapika. Wasomaji, taa kuwaka si hoja. Nguvu ya joto katika waya wa resho hufuata volti mara volti, yaani volti zikipungua kidogo joto hupungua mno. Resho ya wati 1,000 iliyotengenezwa kwa volti 220, ikipewa volti 160, haipotezi robo ya nguvu yake kama mtu angedhani kwa kutazama tarakimu, bali hupoteza karibu nusu, ikabaki na wati 530 hivi. Chukueni ndoo ya lita 15 ya maji ya kuwaogeshea watoto, muitoe nyuzi 15 muifikishe nyuzi 40: kwa resho yenye afya yake, bila kuhesabu joto linalopotelea hewani, kazi hiyo huhitaji dakika 26, kwa volti 160 huhitaji dakika 49. Na volti hushuka saa gani? Hushuka magharibi, saa ileile ambayo kila nyumba ya barabara imewasha resho yake kwa ajili ya bukari (ugali). Kwa hiyo chombo alichokinunua baba yule kilikuwa dhaifu kuliko vyote katika saa aliyokihitaji kuliko zote, na jambo hilo lilijulikana kabla hajalipa.

Nguzo ya tatu ilikuwa tumaini kwamba, mambo yakiharibika, makala yatanunuliwa baadaye. Naam, yalinunuliwa, lakini yalinunuliwa kwa kopo na kwa kimfuko cha plastiki, jioni kwa jioni, na kila anayeshika masurufu ya nyumba anafahamu kwamba anayenunua kwa kopo humlipa muuzaji, na mchuuzi wa pili, na mchuuzi wa tatu, kisha akapewa unga wa makala chini ya vipande vitatu vikubwa vilivyopangwa juu. Kabla Juni haijaisha, nyumba ile ilikuwa imekwisha kutoa kwa vimfuko zaidi ya thamani ya ile mifuko minne, na resho imekaa rafuni.

Yule aijuaye historia ya umeme wa Katanga asingeliweka jiko lake lote juu ya waya mmoja. Kituo cha umeme cha Mwadingusha kilianza kuzalisha mwaka 1930, Nzilo mwaka 1952, na Nseke mwaka 1956. Na umeme wa maporomoko yetu ulikuwa mwingi kiasi cha kuvuka mpaka kwenda kuendesha migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Lakini tangu asili yake umeme huo ulikusudiwa shaba kwanza na sufuria baadaye. Laini kubwa ya umeme ya kutoka mabwawa ya Inga, iliyokamilika mwaka 1982, ikisafiri kilomita takriban 1,700 kuja Kolwezi, ilipita juu ya vijiji vingi visivyopewa hata taa moja, na kinyongo changu kwa jambo hilo hakijapoa hata leo. Wala jirani si kimbilio la hakika: mwaka 2024 ukame uliyapunguza mno maji ya bwawa la Kariba hata Zambia yenyewe ikakaa gizani kwa saa nyingi za kila siku. Haya yote yalikuwa mbele ya macho ya baba yule.

Mengine nyumba ile iliyatenda vyema: ilitia dari chini ya bati, ikaziba nyufa za kuta zake za matofali, ikanunua mablanketi mapema, na maharagwe yakalowekwa tangu usiku.

Na hapa ndipo kosa moja linapogeuza mema kuwa hatari. Usiku mmoja wa mwisho wa Juni umeme ulikatika tangu alasiri, watoto wakatetemeka, na baba akaiingiza mbabula chumbani, akafunga mlango na dirisha. Chumba kilichozibwa vizuri kwa ajili ya baridi kilikuwa sasa kimezibwa vizuri kwa ajili ya sumu. Makala yanayowaka kwa hewa haba hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu mahali pa oksijeni na humlaza mtu usingizi asioujua mwisho wake. Na makala mekundu yasiyotoa moshi, ambayo watu huyadhani salama, ndiyo yanayohadaa zaidi. Mtoto mmoja alitapika, na kilio chake kikamwamsha mama, aliyetambaa na kichwa kinachomuuma mpaka akaufungua mlango. Mwenyezi Mungu aliwahifadhi. Lakini hebu tuurudishe mkanda nyuma: laiti mifuko minne ingalikuwa boharini, mbabula ingaliwaka uani tangu saa kumi na moja, chakula kikaiva mapema, maji ya moto yakatiwa katika chupa zilizozibwa na kuviringishwa nguo, zikawekwa miguuni mwa watoto, na kila mtu akalala na joto la halali.

Hivyo ndivyo walivyofanya mama zetu wa Katuba katika miaka ya 1970, ambao sijaona bado wa kuwashinda. Marehemu mama yangu aliiweka mifuko yake juu ya matofali, mbali na ukuta, ili unyevu usipande, kwa kuwa makala yaliyolowa hutumia joto lake la kwanza kujikausha yenyewe. Unga uliobaki hakuutupa. Aliuchanganya na udongo wa mfinyanzi, akaufinyanga madonge, akayaanika, na madonge hayo yaliwaka polepole chini ya sombe (kisamvu) saa nzima na zaidi. Moto mmoja kwake ulikuwa na zamu: kwanza maharagwe, kisha bukari, kisha maji ya kuoga, na mwisho jivu juu ya kaa la kuwashia asubuhi. Chungu cha maharagwe, kikishachemka vya kutosha, alikifunika, akakiviringisha blanketi kuukuu ndani ya kapu, nacho kikaendelea kuiva bila kaa hata moja. Huko Kenya, tangu miaka ya 1980, mafundi wamelitia jiko la bati kauri ndani yake ili joto lisipotelee pembeni. Mama yangu alifanya jambo la namna hiyo kwa kuikandika mbabula udongo wa kichuguu. Na hakuna mwanamume aliyeingilia hesabu yake, maana nimesema kabla ya leo, na nitasema tena, kwamba asiyewasha moto hana haki ya kuamua peke yake juu ya moto.

Wako watakaosema kwamba nawasukuma watu kuumaliza msitu. Msitu unanihuzunisha mimi pia, kwani kilo moja ya makala ya tanuru la udongo hula kati ya kilo 5 na 10 za kuni, na wachomaji kila mwaka huenda mbali zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Lakini nyumba ile haikuuokoa mti hata mmoja. Ilichoma makala yaleyale, mabaya zaidi, kwa israfu zaidi na kwa bei kubwa zaidi. Anayeuhurumia msitu na aanze kwa kifuniko cha sufuria, kwa kapu na blanketi, na kwa mbabula iliyokandikwa. Na resho naikubali, iwe msaidizi wa saa za mchana volti zinapokuwa nzuri. Isiwe tegemeo la nyumba.

Basi Mei ijayo, enyi akina baba wa Katuba, baiskeli zitakapoegemezwa ukutani, mwulizeni aliye jikoni kabla ya kutoa neno, na nunueni kwa mfuko mzima. Na mbabula, hata baridi iume namna gani, isilale chumbani na watu.