Kuliko na Mahali Pake

Zamani kisiwa kikubwa kinachoitwa leo Mafia kilijulikana pia kwa jina la Chole Shamba, na kile kisiwa kidogo kilichomo katika ghuba ya upande wa mashariki kiliitwa Chole Mjini. Mji wa Kua, katika kisiwa jirani cha Juani, ulivunjwa na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Bukini mapema katika karne ya 19, na heshima ya mji ikahamia Chole. Hapo ndipo walipokaa watawala mpaka Wajerumani walipoyahamishia makao yao Kilindoni mwaka 1913. Basi katika siku hizo mtu aliweza kusema ya kuwa Chole ni kisiwa kidogo kuliko Mafia, na mwenziwe akajibu ya kuwa Chole ni kikubwa kuliko Mafia, wala pasiwe na mwongo kati yao. Mmoja alisimama penye ardhi akapima kwa hatua. Mwingine alisimama penye mji akapima kwa hadhi. Neno lililowawezesha kusema hivyo ni moja, nalo ni kuliko.

Neno hili limedhulumiwa na vitabu vya shule. Mwanafunzi aliyetangulia kufundishwa sarufi ya Kiingereza huambiwa ya kuwa sifa ina daraja tatu, na ya kuwa sifa ya Kiingereza hubadili umbo lake kila ipandapo daraja. Kisha hugeukia Kiswahili, akaona ya kuwa "kubwa" hubaki "kubwa" iwapo inasifu kitu kimoja, iwapo inalinganisha viwili, na iwapo inakiinua kimoja juu ya vyote. Hapo hukata shauri ya kuwa lugha yake ina upungufu, na kuliko ni kiraka cha kuziba tundu. Shauri hilo si la haki. Daraja za Kiswahili zipo, ila hazikukaa katika sifa. Zimekaa katika mahali.

Kwa maana kuliko ni neno la mahali kwa asili yake. Limeunganishwa na sehemu tatu: ku- ya mahali, -li ambayo ni shina kongwe la kuwa, na -ko ya kurejea mahali palepale. Ndugu zake ni palipo na mlimo. Hata leo nahodha aweza kumwambia baharia wake apeleke mashua kuliko na kina, naye baharia asidhani hata kidogo ya kuwa kuna ulinganisho uliotajwa. Edward Steere, aliyekitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alikwisha kulieleza neno hili kwa njia hiyo. Basi asemaye "mashua hii ni ndefu kuliko ile" amesema ya kuwa mashua hii ni ndefu pale ilipo ile. Amezitia ubavu kwa ubavu mchangani, kama afanyavyo fundi wa vyombo, na urefu umejionyesha wenyewe. Yamkini ya kuwa ikitiwa kando ya jahazi, mashua hiyohiyo itakuwa fupi, lakini jahazi halikutajwa.

Si kila lugha iliyochukua njia hii. Neno "than" la Kiingereza, ambalo vitabu hulitumia kufasiri kuliko, lilikuwa zamani neno moja na "then", yaani "kisha" au "hapo tena". Maandishi ya Kiingereza hayakuyatenga kabisa mpaka kiasi cha mwaka 1700. Kwa hiyo Mwingereza wa kale, alipokilinganisha kitu na kingine, alikitaja kwanza kilichozidi, kisha akakitaja cha pili: alipanga kwa zamu. Mwarabu naye husema "min", yaani "kutoka", kama kwamba kikubwa kimesafiri mbali na kidogo. Mmoja ametumia wakati, mmoja ametumia umbali, na Mswahili ametumia kukaa pamoja. Wala hapana sababu ya kuiona njia moja kuwa ya kistaarabu na nyingine ya kishenzi. Mwingereza alijenga kwa "kisha", na hakuna aliyemcheka.

Lakini kukaa pamoja kuna sharti lake, na hili ndilo jambo ambalo waandishi wengi wa siku hizi wanalikimbia. Kuliko halikubali kusimama peke yake. Ukilitamka, msikilizaji hungoja umtajie cha pili, na usipomtajia atakuuliza. Neno zaidi, ambalo asili yake ni Kiarabu, halina sharti hilo. "Maisha bora zaidi", "huduma nzuri zaidi", "mbegu zenye nguvu zaidi": maneno haya yamejaa katika matangazo na hotuba, na karibu yote yamefuata Kiingereza, ambacho sifa yake yaweza kupanda daraja bila kumtaja aliyeachwa chini. Bora zaidi kuliko nini? Nzuri zaidi pale ilipo ipi?

Jambo hili si la mapambo ya lugha tu. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, baada ya sheria ya mwaka 1994 iliyohusu hifadhi za bahari, na katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na ugomvi mkubwa juu ya uvuvi wa baruti uliokuwa ukivunja matumbawe. Tangu hapo swali la samaki kuongezeka au kupungua limekuwa swali la riziki ya watu. Sasa na achukuliwe mtu mmoja aandikaye "samaki ni wengi zaidi", na mwingine asemaye "samaki ni wengi kuliko zamani". Wa kwanza hawezi kubishiwa, kwa kuwa hakusema kitu kinachoweza kupimwa. Wa pili amejitia mikononi mwa wazee wa Jibondo waliovua zamani hiyo. Amewaita waje wasimame kando yake na mitego yao, na wakisema sivyo, atalazimika kujibu. Kama amesema "kuliko mwaka jana", mashahidi wake ni wengine, na ushahidi wenyewe ni mwingine. Ni ajabu kwamba neno la mahali limeweza kuubeba wakati namna hii, lakini limeubeba kwa sharti lake lilelile: zamani lazima iletwe ufukweni.

Hapana budi kusema pia ya kuwa zaidi lina kazi yake halali, tena ya siku nyingi. Hesabu ni yake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438 katika Wilaya ya Mafia, na mwenye kusema ya kuwa walikuwa zaidi ya watu 46,000 amesema sawasawa; angesema "wengi kuliko watu 46,000" masikio yangekataa. Idadi haina mahali pa kusimama. Kosa huanza zaidi linapotolewa katika hesabu na kupewa kazi ya kuliko, au yanapobebeshwa yote mawili mzigo mmoja, kama katika "kikubwa zaidi kuliko". Wapo wanaoutetea msemo huo kwa hoja ya mkazo. Mkazo waweza kukubaliwa mara moja katika ukurasa. Ukija katika kila mstari ni uvivu.

Kupita na kushinda ni wapinzani wa namna nyingine, nao ni watoto wa nyumbani. Bara na Kenya watu wengi husema "mrefu kushinda yule", na lugha nyingi za jamaa ya Kibantu hulinganisha kwa vitenzi vya namna hiyo. Hapana lawama. Ila pwani, mahali ambapo vyombo hupitana kweli, kitenzi chaweza kuleta utata. "Ngalawa hii yaipita ile" yaweza kuwa habari ya mbio za sasa hivi, na yaweza kuwa sifa ya ngalawa hata ikiwa imefungwa. "Ngalawa hii ina mbio kuliko ile" haina maana mbili.

Methali zililijua jambo hili mapema. Heri kufa jicho kuliko kufa moyo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Heri ni neno la Kiarabu, na katika Kiarabu chenyewe latosha kuwa na maana ya kilicho bora kuliko kingine. Afadhali nalo lilizaliwa huko likiwa na daraja ya kulinganisha ndani ya umbo lake. Kiswahili kiliyapokea yote mawili, kisha kikayawekea kuliko mbele yao, kama mwenyeji amwonyeshaye mgeni mahali pa kuketi. Kama lugha hii ingekuwa maskini wa ulinganisho, maneno hayo mawili ya ugenini yangetosha, na kuliko lingekufa. Badala yake wageni ndio waliojifunza desturi za nyumba.

Imebaki hoja moja, ambayo imewakatia wanafunzi wengi alama. Mtoto huandika "potwe ni mkubwa kuliko samaki wote", na mwalimu humsahihisha kwa wino mwekundu aandike "kuliko samaki wengine wote", akieleza ya kuwa potwe mwenyewe ni samaki, na kitu hakiwezi kuwa kikubwa kuliko nafsi yake. Hoja hiyo ni nzuri kwa Kiingereza. Katika Kiswahili haina miguu, kwa sababu mtoto hakusema ya kuwa potwe anajizidi. Amesema ya kuwa potwe ni mkubwa pale walipo samaki wote, na pale walipo samaki wote, potwe naye yupo. Wavuvi wa Kilindoni, ambao humwona papa huyo karibu na pwani yao kuanzia Oktoba hadi miezi ya kaskazi, husema hivyo bila kusitasita. Akitokea mtu wa kuwatajia nyangumi, watamjibu ya kuwa nyangumi ni mkubwa kuliko potwe, lakini nyangumi si samaki, wala hakuwamo katika kundi lililotajwa.