Tupa na Subira Katika Bastola ya Python

Vipande vya bastola ya Colt Python vilipofika mezani kwa fundi wa kuunganisha, katika kiwanda cha Hartford, jimbo la Connecticut, vilikuwa vimeshapita kwenye mashine nyingi, lakini bastola ilikuwa haijazaliwa. Fremu ya chuma ilikuwa imefuliwa na kuchongwa. Silinda ilikuwa na matundu yake 6. Mtutu ulikuwa umekatwa ndani mifereji inayoizungusha risasi. Baadhi ya vipande vya ndani vilikuwa vimeachwa vinene kidogo kuliko vinavyotakiwa, kwa makusudi. Unene huo, usioonekana kwa jicho, ndio uliokuwa kazi ya fundi.

Python ilitoka mwaka 1955, ila mtambo wake wa ndani ulikuwa mkongwe, umerithiwa kutoka rivolva za Colt za mwanzoni mwa karne ya 20. Moyo wake ni springi moja pana yenye umbo la V. Tawi la juu linaisukuma nyundo, tawi la chini linaukandamiza wenzo unaorudisha kifyatulio mahali pake. Ukigusa kipande kimoja humo ndani umegusa na jirani zake wote. Ndiyo maana kazi hii ina mpangilio usiovunjwa, na fundi anayeruka hatua hulazimika kurudi alikotoka.

Kwanza mtutu. Hufungwa kwenye fremu kwa meno ya skrubu, na unapofika mwisho wa kukazwa, kilengeo cha mbele kinatakiwa kiwe kimesimama wima juu kabisa ya bastola. Ukisimama kabla ya hapo, kilengeo kimeinama upande mmoja; ukipitiliza, kimeinama upande wa pili. Fundi anaukaza, anatazama kutoka nyuma kwa jicho moja, anaufungua, anapunguza bega la mtutu kiasi kidogo sana, anaukaza tena. Kisha anapima nafasi iliyobaki kati ya mtutu na uso wa silinda. Lazima iwepo, maana silinda inazunguka. Ikizidi, gesi ya baruti inatorokea pembeni na risasi inakosa nguvu. Kipimo kizuri ni milimita 0.15 hivi, unene unaozidi kidogo tu ule wa karatasi ya kuandikia. Anachomeka kibati chembamba cha kupimia na kuizungusha silinda tundu kwa tundu, yote 6, kwa sababu silinda inaweza kupita vizuri kwenye tundu la kwanza ikakwaruza kwenye la nne.

Sasa inakuja kazi ninayoiheshimu kuliko zote. Ndani ya fremu kuna kipande chembamba kiitwacho mkono. Kifyatulio kinapovutwa, au nyundo inapovutwa nyuma kwa kidole gumba, mkono unapanda juu na kuyasukuma meno yaliyo nyuma ya silinda, na silinda inageuka hadi tundu linalofuata. Chini ya silinda kuna komeo dogo ambalo lazima liingie kwenye kishimo chake kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake. Likiwahi, linaburuzika juu ya silinda na kuchora mstari wa mkwaruzo kuizunguka. Likichelewa, silinda inapitiliza. Na tundu lisipokaa sawasawa na mtutu, risasi inaingia ubavu ikikwanguliwa, na chembe za risasi zinaruka pembeni kumwelekea mpigaji na yeyote aliyesimama karibu naye. Silaha ya moto iliyounganishwa vibaya ni hatari hata kwa anayeishika.

Kwa hiyo fundi anaubana mkono kwenye jiliwa, anapitisha tupa laini mara mbili au tatu, anaurudisha ndani. Anaibana silinda kidogo kwa kidole ili isibebwe na mwendo wake yenyewe, kisha anaivuta nyundo polepole huku akisikiliza. Komeo linadondoka. Anageuza tundu la pili, anasikiliza. La tatu. Tundu la tano linachelewa. Hagusi mkono tena, kwa sababu mkono unahudumia matundu yote; anatafuta jino la tundu hilo moja na kuliponya peke yake. Chuma kilichoondolewa na tupa hakirudi. Mkono ukifupishwa kupita kiasi, hapana budi ugongwe kwa nyundo ndogo ili urefuke, au utupwe na kazi ianze upya. Yote haya yanafanyika kwa vipimo ambavyo vidole vinavitambua kabla ya macho.

Kazi ikikamilika, silinda ya Python hufungika kwa namna ambayo rivolva chache zimewahi kuifikia. Kifyatulio kikiwa kimevutwa hadi mwisho, mkono unaendelea kuisukuma silinda dhidi ya komeo, nayo haichezi hata kidogo. Nguvu hiyo ilikuwa na gharama yake: baada ya risasi nyingi mkono ulilika, na bastola ikahitaji kurudi kwa fundi ilinganishwe upya. Mtambo uliotegemea mikono ya fundi wakati wa kuzaliwa uliendelea kuitegemea maisha yake yote.

Baada ya hapo bastola ilifunguliwa tena ili ing'arishwe. Magurudumu ya kung'arisha yalifuatana, kila moja likiwa na unga laini zaidi wa kusugulia kuliko lililotangulia. Hapa mtu asiye makini huharibu kazi ya wote waliomtangulia: kingo zinageuka mviringo, herufi zilizochapwa zinafifia, midomo ya matundu ya skrubu inabonyea. Mng'arishaji wa Python aliweza kukifanya chuma king'ae na bado kingo zikabaki kali. Kisha chuma kilitiwa rangi yake maarufu ya buluu nzito, inayofanana na bahari ya kina kirefu wakati wa jioni. Rangi hiyo si koti. Ni tabaka jembamba la chuma chenyewe lililobadilishwa kwa kemikali, na haifichi kitu. Mkwaruzo uliosahauliwa chini yake unaonekana hadi leo.

Ubora huu haukufa kwa siku moja. Gharama za mikono hiyo zilikuwa zikipanda. Kisha Januari 1986 wafanyakazi wa Colt waligoma, na mgomo ukadumu hadi 1990. Meza zilikaliwa na watu wengine. Mwaka 1988 kampuni ilipoteza zabuni ya bunduki za M16 za jeshi la Marekani, zabuni ikaenda kwa kampuni ya FN ya Ubelgiji, na mwaka 1992 Colt ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Katika hali kama hiyo, fundi anayetumia saa nzima kusikiliza komeo huanza kuonekana kama hasara. Kufikia 2005 Python ya zamani haikuundwa tena.

Ilirudi Januari 2020, ikiwa na mtambo mpya wenye vipande vichache, uliobuniwa ili usihitaji tupa nyingi. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata chuma kwa usahihi ambao mashine za 1955 hazikuufikia, na Python mpya, kwa kadiri ya usanifu wake, ni bastola nzuri na imara. Hata hivyo, baadhi ya wanunuzi wa mwanzo walilalamika kwamba walivuta kifyatulio na silinda isigeuke. Kasoro ya namna hiyo mtu mwenye bastola mkononi huigundua kwa dakika chache, akipewa dakika hizo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolaumu mashine. Wengi pia hulaumu vipande vinavyotengenezwa kwa unga wa chuma: unga huchanganywa na gundi, husukumwa kwenye kalibu, gundi huondolewa, kisha kipande huchomwa kwenye tanuri hadi kinasinyaa na kuwa chuma kigumu. Kipande cha aina hiyo kikitengenezwa vizuri kinafanya kazi yake. Ugonjwa uko kwingine. Usahihi wa mashine umechukuliwa kuwa ruhusa ya kumwondoa mtu wa mwisho, yule aliyezungusha silinda zote na kutazama kilengeo kwa jicho moja. Ndiyo sababu siku hizi rivolva mpya ya bei kubwa inaweza kutoka dukani ikiwa na mtutu ulioinama. Mashine haikuuona, na mtu hakuulizwa. Huko ni kulipua kazi, hata kama kila kipande kimekatwa kwa kipimo.

Kwamba jambo hili linawezekana bado, Ufaransa ni shahidi. Katika mji mdogo wa Saint-Bonnet-le-Château, kiwanda cha Chapuis kinaendelea kuunda rivolva ya Manurhin MR73, iliyoanza kutengenezwa 1973 na kuchaguliwa na kikosi cha GIGN cha jandamari wa nchi hiyo. Ni ghali, na bado inalinganishwa kwa mkono.

Ombi langu kwa wenye viwanda ni dogo. Endeleeni na mashine zenu. Lakini mwisho wa mstari wa uzalishaji mwekeni fundi mmoja aliyefundishwa kwa miaka, mpeni muda wa kuzungusha matundu yote 6, na mpeni mamlaka ya kuikataa bastola hata kama lori limeshawasha injini.